Njia ya Uani Kwetu

3 Februari

Dada,

Shikamoo. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni hili: nataka tujenge ukuta nyuma ya nyumba.

Nilipokuja likizo nilikaa kibarazani asubuhi moja na kikombe cha chai, nikajiona nimekaa kituo cha basi. Watu wanatoka barabara ya juu, wanapenya kwenye lile pengo la michongoma, wanapita kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, wanazunguka ubavu wa nyumba na kutokea kwenye geti la mbele, hao, barabara ya chini. Mmoja aliniuliza nimekuja kumtembelea nani. Mimi, kwenye nyumba niliyozaliwa!

Unajua kazi yangu ni kuchora ramani za viwanja. Ofisini kwetu ugomvi mwingi ninaouona ulianza na maneno mawili: "apite tu". Leo mtu anapita kwa hisani, kesho anaona ni haki yake, na keshokutwa anakuja na mashahidi. Isitoshe, mko wanawake wawili tu hapo, wewe na Mama, na Mama si kijana. Geti la mbele usiku mnafunga kwa kufuli, lakini nyuma ni wazi kama uwanja wa mpira. Sasa kufuli la nini?

Fundi mwashi nimeshampata. Gharama niachie mimi. Mama nimeongea naye na hana pingamizi.

Mdogo wako


11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho bila kukukatiza. Sasa zamu yangu.

Lile pengo aliliacha Baba mwenyewe. Tangi alilisogeza kando ili watu wapite, na Mama alipolalamika alimwambia kuwa nyumba isiyopitiwa na mtu huota ukungu. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Mimi nakumbuka.

Kisha wafikirie wanaopita. Mwalimu mstaafu na ule mguu wake, ukimwambia azunguke mpaka kituo cha mafuta ndipo ashuke, utakuwa umemfunga kifungo cha nyumbani. Mama Pacha hupita na wanawe kwenda shule. Nimeweka cherehani dirishani jikoni, kwa hiyo wakipita naona kama pindo la sare limeachia, nawaita, nalishika palepale. Nusu ya wateja wangu wametoka kwenye hilo pengo unalotaka kuliziba.

Halafu kuna saa ya Baba, ile ya ukutani sebuleni. Siku hizi inachelewa. Fundi saa anapopita asubuhi husimama dirishani, ananiambia saa sahihi, nami naenda kuirekebisha. Ni mtu mtulivu. Anatembea mikono nyuma, hana haraka, na hata siku ya matope viatu vyake ni safi. Tangu afiwe na mkewe anajifulia na kujipigia pasi mwenyewe, na si vibaya, ila kifungo cha pili cha shati lake la kijivu kimeshonwa kwa uzi mweusi. Hunieleza kama mvua itanyesha. Mara nyingi hukosea.

Lakini hayo hayahusu ukuta. Nilichotaka kusema ni kwamba hatuhitaji ukuta. Msalimie wifi.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimezipima hoja zako moja moja.

Mwalimu nimemfikiria. Jirani yetu wa kulia ana geti dogo linalotokea karibu na kituo, na nitamwomba ampitishe yeye tu. Mama Pacha ana miguu mizima. Wateja wako watakuja kwa mlango wa mbele kama wateja wa watu wengine, na utaweza kuweka kibao. Saa nitakununulia mpya, ya betri, haichelewi wala haitiwi ufunguo.

Sasa huyu fundi saa. Barua yako ina mistari mitatu kuhusu Mwalimu na ukurasa mzima kuhusu huyu bwana, nikashikwa na wasiwasi. Jana nilipomaliza kazi nilichora mtaa wetu kwenye karatasi. Duka lake liko barabara ya juu, pembeni ya duka la dawa. Chumba chake, nakumbuka, kiko barabara ya juu hiyohiyo, nyuma ya kinyozi. Dada, mtu anayetoka barabara ya juu kwenda barabara ya juu anafanya nini uani kwetu? Akishatokea getini kwetu inabidi azunguke kituo cha mafuta na kupanda mlima ndipo afike kazini. Hiyo si njia ya mkato. Kwake yeye hiyo ni safari.

Mtu huyo anapeleleza nyumba. Anajua mnaamka saa ngapi, mko wangapi, saa iko ukuta gani. Kikulacho ki nguoni mwako. Wifi yako alisoma barua yako akacheka mpaka akakaa chini. Nikamuuliza kinachomchekesha, akasema hakuna, nichore tu ramani.

Fundi mwashi anaanza wiki ya kwanza ya Machi.

Mdogo wako


1 Machi

Mdogo wangu,

Saa ya betri usinunue.

Nimemuuliza Mama kama kweli amekubali ukuta. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. Alisema, "Zibeni." Mama huyu huyu ambaye hukaa kibarazani kila asubuhi akijibu salamu za watu mpaka chai yake inapoa. Nilimuuliza tena jioni nikidhani hakunisikia vizuri, akaniambia masikio yake hayajambo, niangalie yangu.

Kuhusu fundi saa, umeniuliza kwa nini anapita. Nilidhani huenda kununua gazeti kituoni, kisha nikakumbuka kuwa magazeti huuzwa mlangoni pa duka la dawa, hatua chache kutoka kwake. Kwa hiyo sijui. Nimelifikiria sana, na sijui. Mwizi si yeye, hilo naweza kukuhakikishia, maana amekuwa akipita tangu mwaka juzi na kama ni wizi basi ni mvivu kupindukia.

Nakuomba jambo moja tu. Kama lazima ukuta ujengwe, acheni mlango mdogo. Hata wa bati.

Dada yako


7 Machi

Dada,

Ukuta wenye mlango usiofungwa ni pengo lililopakwa rangi. Samahani. Ingekuwa uamuzi wangu peke yangu, labda. Lakini nimeambiwa nisilegee, na silegei.

Matofali yanafika Jumanne. Mwambie fundi asilaze saruji juu ya michicha ya Mama.

Mdogo wako


29 Machi

Mdogo wangu,

Ukuta umekwisha. Ni mzuri, umenyooka, fundi ameupiga lipu pande zote mbili na juu ameupa mgongo ili maji ya mvua yasituame. Unaweza kujisifu mbele ya wenzako ofisini. Jikoni kumekuwa na giza kidogo kwa hiyo nimehamishia cherehani sebuleni. Siku ya kwanza watu walikuja mpaka kwenye ukuta, wakasimama, wakaugusa, wakarudi. Jirani wa kulia alikubali kumpitisha Mwalimu, kisha akanunua mbwa. Mwalimu sasa anazunguka. Nimemwona mara moja kutoka getini, amekaa juu ya jiwe kituo cha mafuta akipumzika, fimbo mapajani. Aliniinulia mkono. Nilitamani ardhi ipasuke.

Niliwaza nisikuandikie tena mpaka hasira iishe, lakini naona haiishi, kwa hiyo nitasema.

Nilikuwa namsubiri. Sasa unajua, na wifi alijua tangu mwanzo, naona ndicho kilichomchekesha. Kila asubuhi nilikaa kwenye cherehani, nashona au najifanya nashona, nasikiliza michongoma. Nilijua mlio wa hatua zake. Alisimama dirishani muda wa kutaja saa na kuzungumzia mawingu, basi, akaenda. Hakuwahi kusema lolote, nami sikuwahi. Nilijiambia ni mtu anayepita tu kama wengine, na mwanamke wa umri wangu aliyelea mdogo wake, kisha akauguza baba, kisha akabaki na mama, ajifunze kushukuru kwa salamu. Nilikuwa nimetulia na hilo. Nakuapia nilikuwa nimetulia.

Kisha ukaleta ramani yako. Wewe ndiye uliyeniambia hakuwa na sababu ya kupita hapa. Umeketi huko mbali na rula yako ukanithibitishia kitu ambacho mimi nisingethubutu kukiwaza, na wiki chache baadaye ukaleta matofali. Ungenyamaza, ningepoteza salamu tu. Sasa nimepoteza kitu ambacho ndiyo kwanza nimejua kuwa kilikuwepo.

Hajaonekana tangu msingi uchimbwe. Sitamtafuta. Nina haya zangu, na kama alitaka kuja, geti la mbele liko palepale lilipokuwa tangu Baba alichomelee.

Saa siitazami tena. Mama hajambo, anakula vizuri, anaimba. Sijui ana furaha ya nini.

Dada yako


8 Aprili

Dada,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Sina la kujitetea. Nimezoea kuangalia viwanja kutoka juu, na kutoka juu mtu haonekani uso. Wifi yako ameninunia tangu jana na ana haki. Anasema barua yako ya Februari, hata paka angeielewa.

Nilimpigia fundi mwashi palepale aje atoboe mlango. Kisha nikampigia Mama kumwarifu. Unajua alichosema? Alisema nikithubutu kugusa tofali moja nisimwite mama. Nikamweleza kila kitu ulichoniandikia, nisamehe, nilidhani hajui. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tusubiri kwanza, akakata simu.

Kuna jambo kuhusu ukuta huu ambalo niliahidi kutolisema, na mimi mwenyewe silielewi vizuri. Niseme tu kwamba wazo halikuwa langu. Usiniulize zaidi. Nakupenda, Dada. Umenilea, na hili ndilo nimekulipa.

Mdogo wako


24 Aprili

Ndugu yangu,

Pokea salamu zangu. Hatujawahi kukutana uso kwa uso, ila nasikia umewahi kunikuta kwenye ramani.

Mimi ndiye fundi saa wa barabara ya juu. Dada yako amenisomea kile kipande cha barua yako unachosema kwamba napeleleza nyumba. Tulicheka, lakini nikamwambia kuwa hujakosea sana. Nilikuwa nachungulia kweli, ila si nyumba.

Sina ufasaha. Kazi yangu ni kukaa kimya na kitu kidogo mkononi mpaka kikubali, na nimezoea kungoja namna hiyo. Siku ya kwanza nilipita uani kwenu kwa sababu barabara ilikuwa imechimbwa mabomba. Dada yako alikuwa dirishani akakata uzi kwa meno, akaniuliza saa. Barabara ilifukiwa wiki hiyohiyo. Mimi niliendelea kupita. Asubuhi nyingi nilitoka nyumbani nikiwa na maneno tayari mdomoni, na nilipofika dirishani nikajikuta nasema habari za mawingu, kisha nikajiambia si kitu, kesho nitapita tena. Siku zote kesho ilikuwepo.

Ukuta ulipojengwa, kesho haikuwepo. Nilikaa dukani wiki nyingi nikiwa na hasira nawe, nisamehe, sikujua hata sura yako. Mwisho nilijiuliza kwa nini nisiende kwa geti la mbele, nikagundua kwamba naogopa, maana kule mbele hakuna kisingizio.

Nimekwenda. Mama yenu amenipokea, na ameniambia nikuandikie wewe kwa kuwa wewe ndiye ndugu pekee wa binti yake. Naomba kumwoa dada yako. Yeye amekwisha kukubali, lakini anasema hataki uupate huu uamuzi kama yeye alivyopata ule wa ukuta, umeshapigwa lipu.

Nakungoja kwa heshima,

Fundi saa


2 Mei

Mwanangu,

Utanisamehe mwandiko, miwani yangu ni ya zamani na mkono nao ni wa zamani. Barua hii nimeiandika mwenyewe kwa sababu ni yangu. Nimesikia umemjibu yule bwana vizuri, na kwamba mkeo ameacha kukununia. Sasa nakuondolea ile ahadi.

Uliponiuliza kibarazani kwa nini nataka ukuta, nilikwambia habari ya wezi, ukaamini, kwa sababu unapenda kuamini wezi. Nikakuomba ulibebe kama wazo lako, maana dada yako angejua ni langu angenichimba mpaka apate sababu. Pole kwa matusi uliyoyapata. Yalikuwa yangu.

Nilikuwa nakaa pale kibarazani kila asubuhi, mwanangu. Mnadhani mzee akikaa na chai yake haoni. Nilimwona yule bwana anapita mwaka juzi, nikasema vema. Nilimwona mwaka jana, nikasema haya, subira yavuta heri. Mwaka huu nilipomwona bado anaongea habari za mvua nikajua kwamba atapita hivyo mpaka nizikwe, na baada yangu ataendelea kupita, na binti yangu ataendelea kushona dirishani mpaka macho yamwishe. Wanasema penye nia pana njia. Hapa njia ilikuwepo, nia ndiyo ilikuwa imejificha nyuma yake. Mtu ukimpa pa kupitia kila siku, atasimama lini?

Sikuwa na hakika. Nilipoona wiki zinapita na haji, na dada yako amekuwa kama nguo iliyosahauliwa mvuani, nilianza kuogopa kwamba nimemfunga mtoto wangu kwa mikono yangu. Nilikuwa naimba ili nisilie. Uliponipigia ukataka kutoboa mlango, kidogo nikubali. Nikasema, acha kidogo.

Akaja siku ya Jumapili. Nilikuwa mbele, nikamwona anatokea upande wa kituo cha mafuta, amezunguka mtaa mzima, shati la kijivu, jasho limemtoka. Alisimama getini akishika kufuli kama analipima uzito. Nikamwita dada yako nikamwambia kuna mtu wa kushonewa. Akatoka na tepu shingoni. Walitazamana mpaka nikaona haya mimi. Mwisho dada yako akamuuliza, "Unapita?"

Akasema, "Hapana. Leo sipiti. Leo nimekuja."

Nikaingia ndani. Kuna mambo mama hapaswi kuyasikiliza, ingawa dirisha lilikuwa wazi.

Sasa lete fundi wako atoboe mlango, tena mpana. Mwalimu nimemtumia salamu za kuomba radhi, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipia ujanja wangu kwa mguu wake, na hilo halinipi raha. Mama Pacha pia. Watu wapite kama baba yako alivyotaka. Usiweke kufuli.

Na usinunue ile saa ya betri. Dada yako alikuandikia kwamba saa ya baba yako inachelewa, na yule bwana siku ile alipoingia sebuleni akataka kuishusha aitazame. Nikamzuia. Chumba changu kinatazamana na sebule, na kila asubuhi kabla ya michongoma kutikisika nilikuwa namwona dada yako anapanda kigoda, anafungua kioo, anarudisha mshale nyuma. Watu wazima wawili: mmoja anazunguka mtaa mzima ili aulizwe saa, mwingine anaiharibu ili apate kuuliza. Sijawaambia kama najua, na wewe usiwaambie.

Saa iko palepale ukutani. Tangu ukuta ujengwe haijachelewa hata siku moja, wala hakuna aliyeitengeneza.

Mama yako